Nguo nyepesi za wanaume na mtindo wa Mashariki: kutoka kanzu ya Kasongo mpaka abacost

Kila mwaka katika mwezi wa sita, nyumba kubwa za mitindo huko Milan na Paris zinaonyesha nguo za wanaume za majira ya joto ya mwaka unaofuata. Mara nyingi, kati ya nguo hizo kunakuwa na fungu moja linaloitwa « mtindo wa Mashariki »: shati refu lisilo na kola ya kukunja, vesti isiyo na kitambaa cha ndani, suruali pana ya kufunga kwa kamba, rangi ya mchanga, ya maziwa ao ya nili, na kitambaa chepesi kinachopitisha upepo.

Picha zinafika kwenye simu za Goma, Bukavu, Uvira, Bunia, Kindu na Kisangani siku ileile. Kijana anachukua simu yake, anaenda kwa fundi wa kushona na kumwambia: « Papa, unishonee sawa na hii. » Fundi mwenye umri anaangalia, anacheka, anajibu: « Mwanangu, hii tulishonaka zamani. »

Fundi huyo hakosei. Nguo ambayo Ulaya inaiita mpya kila baada ya miaka michache, sisi huku tumeivaa kwa njia moja ao nyingine tangu zaidi ya miaka 150. Ilifika na misafara ya biashara, ikarudi tena kwa amri ya serikali, na leo inarudi kupitia simu. Tunaeleza hapa ilitoka wapi, nani aliileta, kwa nini wakati fulani ilikuwa lazima na kravati ikawa kosa, na mtu anayetaka kushonewa nguo kama hiyo leo aangalie nini kabla ya kutoa franga zake.

Ni nguo gani hasa?

Tuanze na jina. « Mashariki » hapa si Mashariki ya Congo. Ni jina ambalo watu wa Ulaya walilipa eneo lote lililo upande wa jua linakotokea kwao: inchi za Waarabu, Uajemi, India, Uchina, Japani. Ni jina pana mno. Kanzu ya Oman na koti la Uchina hazikuzaliwa nyumba moja, na aliyezishona wa kwanza hakujua kama siku moja zitawekwa katika kapu moja.

Hata hivyo, washonaji wanapotaja mtindo huo kwa nguo za wanaume, wanafikiri mambo manne:

– Shingo. Hakuna kola ya kukunja, hakuna kravati. Kuna utepe mfupi wa kitambaa unaosimama kuzunguka shingo, ao hakuna kola kabisa.

– Upana. Nguo haishiki mwili. Inaanguka toka mabegani, na mara nyingi ina mipasuko pembeni ili mtu atembee bila kubanwa.

– Ndani yake. Kostimu ya Ulaya ina vitu vingi ndani: kitambaa cha pili, sponji ya mabega, kitambaa kigumu cha kifua. Nguo ya mtindo huu haina hayo, ao ina machache.

– Kitambaa. Pamba, kitani, wakati mwingine hariri. Ni vitambaa vinavyokunywa jasho na kuliachilia.

Mambo haya manne yanategemeana. Ukichukua kola ya kusimama na kuiweka juu ya kitambaa kizito chenye kubana, umepata picha ya Mashariki lakini bado unatoka jasho. Tutarudi kwa hilo.

Njia ya kwanza: kanzu na misafara

Nguo ya kwanza ya mtindo huu kufika kwetu ilikuwa kanzu. Ilitoka pwani ya bahari ya Hindi, Zanzibar na miji ya Waswahili, ambako iliathiriwa mingi na nguo za Waarabu wa Oman. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walivuka ziwa Tanganyika na kuingia Maniema. Walijenga vituo Nyangwe, kando ya mto Lualaba, na Kasongo. David Livingstone alipofika Nyangwe mwaka wa 1871 aliwakuta wamekwisha kukaa pale. Aliyejulikana zaidi kati yao ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip.

Haifai kuisimulia habari hii kama safari ya nguo tu. Misafara hiyo ilitafuta pembe za ndovu na watumwa. Mwezi wa saba mwaka ule wa 1871, Livingstone aliona kwa macho yake watu wakiuawa kwa bunduki katika soko la Nyangwe. Kanzu nyeupe ilifika pamoja na biashara hiyo, na kwa watu wengi wa wakati ule ilikuwa alama ya mwenye nguvu.

Kitambaa chenyewe kilikuwa pesa. Misafara ilibeba mizigo ya merikani, yaani pamba nzito isiyopauka iliyofumwa Marekani. Jina lake linatoka hapo. Ilibeba pia kaniki, pamba ya rangi ya nili iliyotoka India. Kwa vitambaa hivyo walinunua chakula, walilipa wapagazi, na walitoa hongo kwa machifu ili wapite. Neno « hongo » wakati ule halikuwa la aibu kama leo. Lilikuwa kodi ya njia.

Vita kati ya serikali ya Leopold wa Pili na Waarabu-Waswahili, kutoka 1892 mpaka 1894, vilimaliza utawala wao wa Maniema. Lakini mambo matatu yalibaki: lugha ya Kiswahili tunayoisema mpaka leo, dini ya Kiislamu, na kanzu na kofia. Mpaka sasa Kasongo, Kindu na mitaa ya Waislamu ya miji yetu mingine, siku ya Idi utaona kanzu nyeupe kwa wingi. Kwa jirani zetu wa Uganda, kanzu ilivuka mpaka wa dini: Mkristo naye anaivaa, na koti juu yake, siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa bibi harusi.

Kama nguo ya joto, kanzu ni kazi iliyofikiriwa vizuri. Ni kipande kimoja, nyeupe ili kurudisha jua, pana ili hewa iingie chini na kutoka shingoni. Kinachobadilika toka inchi hadi inchi ni mapambo. Ya Oman ina kishada kidogo cha nyuzi shingoni, ambacho wenyewe wanakitia marashi. Ya Uganda ina nakshi nyekundu kifuani.

Kola ya Mao, ambayo si ya Mao

Njia ya pili ilipita mbali zaidi. Ile kola fupi ya kusimama, mafundi wetu wanaiita kola ya Mao, kama Wafaransa wanavyosema. Lakini ukiangalia picha za Mao Zedong kwa makini, utaona kama koti lake lilikuwa na kola ya kukunjwa, yenye ncha mbili ndogo, iliyofungwa mpaka juu. Koti hilo Wachina wanaliita kwa jina la Sun Yat-sen, kiongozi wa mapinduzi yaliyoangusha ufalme wa Uchina kati ya 1911 na 1912. Lina vifungo vitano mbele na mifuko minne. Mao alilivaa siku ya tarehe 1 Oktoba 1949, alipotangaza Jamhuri ya Watu wa Uchina, na baada ya hapo dunia ikampa yeye jina la nguo.

Kola ya utepe unaosimama wima ni ya zamani kuliko hiyo. Ilikuwa katika nguo za Wachina wakati wa ufalme wa Qing, na pia katika koti refu la Wahindi linaloitwa achkan. Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa India kutoka 1947 mpaka 1964, alijulikana dunia nzima kwa koti la namna hiyo. Katika miaka ya 1960, washonaji wa Ulaya na Marekani walilifupisha, wakaliita koti la Nehru, na vijana wa muziki wakalivaa.

Kwa hiyo, ukienda kwa fundi usiseme tu « kola ya Mao ». Onyesha kwa mkono: inasimama ao inakunjwa? Ni kola mbili tofauti, na wateja wengi wamegombana na fundi juu ya neno hilo moja.

Koti hizi za Asia ziliwavutia viongozi wa Afrika kwa sababu iliyo wazi. Mtu aliyetoka katika ukoloni alitaka kuonekana mwenye heshima bila kuvaa kama mkoloni wa jana. India na Uchina zilikuwa zimeonyesha njia. Julius Nyerere alikwenda Uchina Februari 1965, na Chou En-lai, waziri mkuu wa Uchina, alifika Tanzania Juni ya mwaka uleule. Watanzania wakaiita suti ya namna hiyo kwa jina la mgeni huyo. Zambia, Kenneth Kaunda alivaa koti jepesi la mikono mifupi na mifuko mingi, na mpaka leo linaitwa Kaunda suti.

Abacost: nguo nyepesi kwa amri

Kwetu, nguo hiyo ilikuja na jina la Kifaransa lililokatwa: « à bas le costume », yaani kostimu ianguke chini. Abacost.

Tarehe 27 Oktoba 1971, Mobutu alibadili jina la inchi kuwa Zaïre. Mwaka uliofuata siasa ya « authenticité » ilishika kasi. Majina ya Kikristo yalikatazwa, naye Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. « Monsieur » na « Madame » vikatoka, « Citoyen » na « Citoyenne » vikaingia. Kostimu ya Ulaya, shati lake na kravati yake vikakatazwa. Mwanamke naye aliambiwa avae kikwembe. Suruali kwake ikawa kosa.

Watu wengi wanasema Mobutu aliiga abacost baada ya kwenda Beijing na kumuona Mao. Safari hiyo kweli ilifanyika, Januari 1973, na koti hizo mbili zinafanana. Lakini vita dhidi ya kravati vilianza mwaka wa 1972. Basi, tunaweza kusema safari ya Uchina ilitia nguvu jambo ambalo tayari lilikuwa njiani, wakati ambapo viongozi wengi wa Afrika walikuwa wakitazama upande uleule.

Abacost ilikuwa koti jepesi, mara nyingi la mikono mifupi, lenye kufungwa karibu na shingo, linalovaliwa bila shati na bila kravati, pamoja na suruali ya kitambaa kilekile. Wakubwa waliongeza fulari shingoni na kitambaa kidogo katika mfuko wa kifua. Kwa hali ya hewa ya Kinshasa, Kisangani ao Kindu, lilikuwa wazo zuri kuliko kostimu ya sufu. Mzee yeyote aliyefanya kazi ofisini bila mashini ya baridi atakuambia hivyo.

Ubaya ulikuwa katika lazima. Mtu wa kazi ya serikali, mwalimu, mfanyabiashara, wote walipaswa kuvaa alichochagua mtu mmoja. Kravati shingoni ilihesabika kama kumpinga raisi. Tena kulikuwa na jambo la kushangaza: abacost za Mobutu mwenyewe, nguo ya kujikomboa na Ulaya, zilishonwa Ubelgiji, katika kiwanda cha Arzoni huko Zellik, karibu na Brussels. Mafundi wa hapa inchini walishona za watu wa kawaida, na wengi wao walijifunza kukata koti kupitia kazi hiyo.

Tarehe 24 Aprili 1990, huko N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Katika hotuba ileile alisema kravati imeruhusiwa tena, ila yeye mwenyewe atabaki na abacost yake. Kuanzia hapo watu wakakimbilia kostimu. Siyo kwamba joto lilipungua. Ni kwa sababu sasa waliweza kuchagua. Abacost iliondoka pamoja na kumbukumbu ya ile lazima, na koti lisilo na kosa lenyewe likabeba kosa la mwenye amri.

Shingo ya mwanaume ni jambo la serikali

Msifikiri ni Zaïre peke yake iliyogombana juu ya shingo ya mwanaume. Aprili 1985, Jack Lang, waziri wa utamaduni wa Ufaransa, aliingia bungeni Paris na kostimu ya kola ya kusimama iliyoshonwa na Thierry Mugler, bila kravati. Wabunge walipiga kelele. Angalieni: mwaka uleule, Kinshasa kravati ilikuwa kosa, na Paris kukosa kravati ndiyo ilikuwa fujo.

Na si mambo ya zamani tu. Novemba 2023, spika wa bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, alikataza wabunge kuingia na Kaunda suti, wakati raisi wa inchi hiyo, William Ruto, alikuwa akionekana mara nyingi na suti za namna hiyo. Hapa kwetu pia, ofisi nyingi, mabanki na makanisa bado yanahesabu kravati kuwa ndiyo heshima, hata saa nane za mchana katika chumba kisicho na dirisha kubwa. Kijana anayekwenda kuomba kazi Uvira anaazima kravati ya jirani. Hakuna sheria inayomlazimisha leo. Desturi peke yake inatosha.

Kuna waliojibu amri ya nguo kwa nguo. Katika miaka ya abacost, vijana wa Kinshasa walifuata La Sape, na mwanamuziki Papa Wemba, aliyeunda Viva la Musica mwaka wa 1977, alikuwa uso wake. Walivaa kostimu za Ulaya ili kuonyesha kama mwili wao si mali ya chama. Halafu, jambo la ajabu, wengi wao waliishia kupenda mitindo ya Mashariki yenyewe: nguo pana, nyeusi, zenye mikato isiyo ya kawaida za Wajapani Yohji Yamamoto na Rei Kawakubo, ambao walianza kuonyesha nguo zao Paris mwaka wa 1981. Kile ambacho walikikataa kwa amri, walikitafuta kwa hiari yao na kwa pesa nyingi.

Kitambaa: hapa ndipo kazi iko

Turudi kwa nguo yenyewe. Vitambaa vingi vya joto ambavyo Ulaya inavaa vilitoka Asia, na majina yanaonyesha. Neno « kaki » linatoka India na Uajemi, maana yake ni rangi ya vumbi. Jeshi la Waingereza walilichukua huko katika karne ya 19. « Pijama » ni neno la huko pia: nguo ya miguu. Hata kikwembe chetu kina ukoo wa Asia. Kiwanda cha Vlisco, kilichoanzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka wa 1846, kilianza kwa kuiga batiki za Java, zile zinazochorwa kwa nta.

Na pamba tunaijua si dukani tu. Tangu 1917 serikali ya Wabelgiji ililazimisha wakulima kulima pamba, Maniema na Uele kati ya sehemu nyingine, na wazee wengi wanakumbuka hadithi za wazazi waliopigwa juu ya shamba hilo. Baadaye tulikuwa na viwanda: Filtisaf huko Kalemie, SOTEXKI huko Kisangani. Leo vitambaa vingi vya sokoni vinatoka nje, hasa Uchina, na nguo nyingi ni mitumba. Kwa hiyo mnunuzi anapaswa kujua anachoshika mkononi, kwa sababu maandishi ya pembeni ya kitambaa si ya kuaminika kila wakati.

Pamba inakunywa jasho, inafuliwa kirahisi, inavumilia pasi ya moto. Inaweza kupungua baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Kitani, kinachotoka kwa mmea wa kitani, kinakauka upesi na kina ubaridi mkononi. Kinajikunja mingi, aliyekivaa hawezi kubaki amenyooka siku nzima. Ni ghali, na kwetu kinaonekana zaidi katika mitumba ya Ulaya.

Hariri ni nyepesi lakini inaogopa jasho na sabuni kali.

Poliesta inang'aa, haijikunji, ni bei ndogo. Lakini hainywi jasho. Vazi jeupe la poliesta mchana wa Kalemie linageuka kuwa mfuko wa plastiki. Kitambaa cha kuchanganya, nusu pamba nusu poliesta, kinaweza kufaa kwa suruali, juu ya kuvumilia; kwa shati la joto, heri pamba iwe nyingi zaidi.

Namna ya kutambua: omba fundi ao muuzaji nyuzi mbili tatu, uzichome mbali na vitambaa vingine. Pamba na kitani vinaungua kama karatasi, vinanuka karatasi, majivu yanavunjika vidoleni. Poliesta inayeyuka, inanuka plastiki, na inabaki donge gumu jeusi. Vikiwa vimechanganywa, utaona yote mawili. Namna nyingine: tia tone la maji. Kwenye pamba iliyofuliwa, tone linaingia upesi; kwenye poliesta mara nyingi linakaa juu kwanza.

Kila mji na nguo yake

Majira ya joto ya Ulaya ni miezi mitatu. Huku hatuna majira hayo; tuna mvua na kiangazi, na hasa tuna milima na mabonde. Ndiyo maana nguo ya picha moja haiwezi kufaa wote.

Goma na Bukavu ziko karibu metre 1 500 juu ya bahari. Asubuhi ni baridi, mchana jua linachoma, jioni baridi inarudi. Hapo shati jepesi linahitaji rafiki: vesti ya pamba nzito isiyo na kitambaa cha ndani, ya kuvaa asubuhi na kubeba mkononi mchana. Butembo na Lubero vilevile, tena zaidi.

Uvira na Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, ziko chini, karibu metre 800. Kindu na Kisangani ziko chini zaidi, na hewa yake imejaa maji, jasho halikauki. Huko ndiko nguo pana ya pamba ina faida yote. Mikono mirefu isikutishe: kitambaa chembamba chenye mikono mirefu kinazuia jua mchana na kusaidia kuzuia mbu jioni.

Ukienda kwa fundi

Kwanza, kitambaa. Kwa shati la mikono mirefu la mtu wa kimo cha kawaida, hesabu karibu metre 2,5 za kitambaa chenye upana wa metre 1,15. Likishuka mpaka magotini, ongeza karibu metre moja. Mtu mkubwa apimwe kwanza, kisha anunue.

Pili, loweka pamba katika maji na uianike kabla ya kuipeleka kukatwa. Watu wengi wanalaumu fundi kwamba alikosea vipimo, kumbe kitambaa kilipungua baada ya kufuliwa.

Tatu, kola. Ya kusimama inatosha sentimetre 3 ao 4. Ikizidi hapo inachoma kidevu. Mwambie fundi asitie ndani kitambaa kigumu sana, na aache nafasi ya kidole kimoja kati ya kola na shingo.

Nne, makwapa. Hapo ndipo nguo nyingi za joto zinaharibika. Omba kwapa liwe pana na mshono uwe imara. Mipasuko ya pembeni, ya sentimetre 15 hivi, inasaidia kukaa na kupanda moto.

Tano, vesti. Ukitaka vesti nyepesi, sema wazi kama hutaki kitambaa cha ndani mwili mzima. Mabegani peke yake inatosha. Lakini ujue: vesti bila kitambaa cha ndani inaonyesha mishono yote. Fundi anapaswa kuifunika na kuisafisha moja baada ya moja. Ni kazi zaidi, siyo kazi kidogo, na ni haki aombe malipo yanayolingana. Anayesema « toa kitambaa cha ndani, basi punguza bei » hajaelewa kazi.

Sita, rangi. Nyeupe ni nzuri lakini vumbi letu, jekundu ao jeusi la volkano, halina huruma. Rangi ya mchanga, ya majani makavu ao ya kijivu chepesi inavumilia wiki ya kazi.

Mwenye abacost ya baba yake ndani ya sanduku asiitupe. Kama kitambaa bado ni kizima, fundi anaweza kupunguza mabega, kufungua shingo kidogo na kuirudishia maisha. Nguo ile haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kumlazimisha mtu aivae, sawa na vile leo ni kosa kumcheka anayeingia ofisini na shati safi la pamba, lenye kola ya kusimama, eti juu ya kukosa kravati.